Malaria moja tu kwenye kipimo, sasa imepandaje kichwani?

Wasomaji mmetuma maswali mengi ya malaria msimu huu wa mvua, nimechukua manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu karibu kila mzazi analo, hata kama hajaliandika.

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu wa miaka mitatu alianza homa, nikampeleka zahanati wakamtoboa kidole, wakaangalia kwenye darubini wakasema ana malaria moja tu, tukapewa dawa mseto tukarudi nyumbani. Kesho yake usiku akashikwa na degedege akapoteza fahamu, kufika hospitali tunaambiwa malaria imepanda kichwani. Amepona, tunamshukuru Mungu, ila bado sielewi. Malaria moja inapandaje kichwani usiku mmoja? Au wale wa mwanzo walipima vibaya? – Mama wawili, Muheza

JIBU: Marahaba mama, na pole sana kwa usiku huo. Mi sidhani kama walipima vibaya, maana inawezekana kabisa hao wadudu wachache waliowaona, ambao watu huita malaria moja, ndo waliokuwepo kwenye lile tone la damu. Ishu ni kwamba sehemu kubwa ya wadudu haikuwepo kwenye tone.

Yani iko hivi. Mdudu wa malaria yetu hii kali, falsiparamu, anaishi ndani ya seli nyekundu ya damu kwa kama saa 48, anakula hemoglobini anakua anagawanyika, alafu seli inapasuka wanatoka wengine kati ya 16 na 32 na kila mmoja anatafuta seli yake. Siku ya kwanza bado ni mchanga, kwenye darubini unamuona kama kapete kadogo kenye nukta, na seli yenyewe inazunguka mwilini kama kawaida. Hao ndo wanaokuja kidoleni. Siku ya pili mambo yanabadilika. Mdudu anatengeneza protini inaitwa PfEMP1 na kuisafirisha mpaka juu kabisa ya ngozi ya seli, na hapo kuna kitu kinanishangaza kila nikikifikiria, kwa sababu seli nyekundu ya binadamu haina kiini wala mitambo ya kusafirisha protini, vyote vilishatolewa wakati inakomaa, kwa hiyo mdudu inabidi ajijengee njia mwenyewe ndani ya nyumba isiyo yake. Hiyo protini inakaa juu ya vinundu vidogo sana, na kuanzia hapo seli inanasa kwenye kuta za vishipa vya damu kama zile mbegu zinazonasa kwenye nguo ukipita porini.

Anafanya hivyo kukwepa bandama. Bandama inachuja damu, seli iliyokakamaa na kuharibika umbo inakamatwa pale, sasa seli iliyonasa ukutani haipiti bandamani. Ndo maana kwenye slaidi ya damu ya kidole tunaona vipete vichanga tu, wale wakubwa wako kwenye vishipa vya ndani, huenda ni wengi mara nyingi zaidi ya wale tuliohesabu. Kwa hiyo mama, hakuna kilichopanda kutoka chini kwenda juu usiku ule, inawezekana kabisa walikuwa wameshanasa kwenye ubongo wakati unapewa majibu ya malaria moja.

Sasa kwa nini ubongo na sio mguu? Mdudu ana jeni kama 60 hivi za kutengeneza aina tofauti za PfEMP1, ila anatumia moja tu kwa wakati mmoja, na kila aina inashika kitu tofauti ukutani. Nyingi zinashika molekuli inaitwa CD36, hizo kwa kawaida hazileti balaa kubwa. Kuna zinazoshika molekuli nyingine inaitwa EPCR, na mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa hizi ndo zinaambatana na malaria kali ya watoto. EPCR kazi yake ya kila siku ni kusaidia kuzuia damu isigande ovyo na kutuliza uvimbe kwenye mishipa, mdudu akikalia pale ile kazi inakwama, vishipa vinavuja, ubongo unavimba, na ukichanganya na seli zilizoziba njia ndo mtoto anaanza degedege.

Na hizo jeni 60 zinaeleza kitu kingine ambacho wazazi wengi huniuliza, kwamba mbona mtoto alishaugua mwezi wa nne na mwezi wa sita anaugua tena. Mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya aina moja, wadudu wachache wanakuwa wameshahamia aina nyingine, mwili unaanza upya. Inachukua miaka ya kuugua ugua mpaka mtu awe na mkusanyiko wa kutosha.

Hospitali bila shaka walimchoma artesunate, ile sindano ya malaria kali. Ilichukua nafasi ya kwinini baada ya utafiti mkubwa wa watoto wa nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, uliotoka mwaka 2010, vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa artesunate na 10.9 kwa kwinini. Sababu mojawapo ni kwamba artesunate inawaua hata wale vipete kabla hawajafika umri wa kunasa, kwinini inawapiga zaidi wakiwa wameshakua.

Kwa hiyo ule mtindo wetu wa "nina malaria mbili", "mwenzangu ana nne", tuuache kwakweli kama kipimo cha ukali. Muangalie mtoto mwenyewe. Hanyonyi au hanywi, anatapika kila kitu, amelegea, anapumua kwa shida, viganja vyeupe, degedege, hapo ni hospitali hata kama karatasi inasema moja.

SWALI: Habari daktari. Mimi tangu utotoni malaria ikinishika lazima nilazwe. Lakini mamangu mdogo na wanawe, tunakaa boma moja, mbu ni wale wale, wao wakishikwa ni homa ya siku mbili yameisha. Wazee wanasema damu yao ni ngumu. Kuna ukweli au ni stori tu? – Kijana wa Ganze, Kilifi

JIBU: Wazee wenu hawako mbali bana, na umeuliza kutoka mahali penyewe.

Mdudu akitoka kwenye ini, anakopitia kwanza baada ya kutoka kwa mbu, ni mdogo sana, ana kama dakika chache tu za kupata seli nyekundu kabla nguvu hazijamuishia. Anaigusa seli, anajigeuza mpaka ile ncha yake iangalie seli, alafu protini yake RH5 inashika protini ya seli inayoitwa basigini. Hilo la basigini lilijulikana mwaka 2011, na mpaka leo haijapatikana aina ya falsiparamu inayoweza kuingia bila hiyo hatua. Baada ya hapo anafanya ujanja ambao mi nauona ni wa kiwango cha juu, anachoma protini yake mwenyewe, RON2, kwenye ngozi ya seli, kisha anaishika kwa protini yake nyingine, AMA1. Yani hategemei mwenye nyumba amuwekee pa kushika, anakuja napo. Anajivuta ndani, kazi yote haimalizi hata dakika moja.

Sasa kwenu Kilifi kuna watu wengi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote duniani wenye aina ya damu inaitwa Dantu. Sio A wala O, ni mfumo mwingine tofauti. Kwao jeni mbili za protini za ngozi ya seli zimechanganyika ikatoka protini mpya, na mwenye Dantu hatari yake ya malaria kali inapungua kwa karibu asilimia 40. Watafiti wa Kilifi na wenzao wa Uingereza walichukua damu ya watoto wasio wagonjwa wa hapo kwenu, wakarekodi video wadudu wakijaribu kuingia, matokeo yakatoka 2020: ngozi ya seli ya Dantu imekazana zaidi. Mdudu anagusa, anajaribu, anashindwa kuikunja ile ngozi. Hata kwa watu wasio na Dantu, zile seli zao chache zilizokazana zaidi nazo zilikuwa ngumu kuingiwa. Kwa hiyo wakikwambia damu ngumu, wewe kubali tu.

Ila usikimbilie kusema mamako mdogo ana Dantu, inaweza pia kuwa nusu sikoseli, maana Pwani ipo sana. Anthony Allison, mzungu aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wenye jeni moja ya sikoseli wanakingwa na malaria. Kwao mdudu anaingia vizuri tu, ila oksijeni ikipungua kule kwenye vishipa vidogo anadumaa, na ile PfEMP1 niliyomwambia mama wa Muheza inafika juu ya seli chache na hovyo hovyo, kwa hiyo hanasi sawasawa. Wenye jeni mbili, yani wagonjwa wenyewe wa sikoseli, hiyo habari haiwahusu, malaria kwao ni hatari kubwa, wasiache dawa zao za kinga.

SWALI: Dokta mimi nina miaka 22, nina mimba ya kwanza. Nilishasahau malaria miaka mingi, ghafla nimeumwa mara mbili. Kinga yangu imeenda wapi? – Geita

JIBU: Haijaenda popote mdogo wangu. Umeotesha kondo la nyuma, na kondo lina molekuli ya sukari ambayo mishipa yako mingine haina kwa namna ile. Mdudu ana aina moja ya PfEMP1, ile protini ya kunasa niliyomwambia mama wa Muheza, inaitwa VAR2CSA, inayoshika hapo tu, na mwili wako haujawahi kukutana nayo kwa hiyo hauna kingamwili zake. Mimba ya pili na ya tatu huwa nafuu. Kwa sasa meza SP, ile dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, kila wanapokupa kliniki mbele yao, lala kwenye neti.

SWALI: Mtoto wangu amepata chanjo ya malaria dozi tatu na bado ameugua. Si ni kudanganywa huku? – Baba K, Homa Bay

JIBU: Hapana baba K. Chanjo zilizopo, RTS,S na R21, zinafundisha mwili kuitambua protini ya ngozi ya mdudu anapotoka kwa mbu kabla hajaingia kwenye ini. Zinawapunguza sana ila akipenya hata mmoja tu anazaa maelfu kwa maelfu ndani ya ini, na wale wanaotoka humo wana ngozi tofauti kabisa, kingamwili za chanjo haziwajui. Kwa hiyo kuugua kunapungua, hakuishi, na makali nayo yanapungua. Chanjo ya kumzuia mlango wa pili, yani pale anapoingia kwenye seli nyekundu kwa ile RH5 niliyomwambia kijana wa Ganze, imeshajaribiwa kwa watu Bagamoyo na Burkina Faso lakini bado haijafika kliniki. Wewe mrudishe mtoto kwa dozi ya nne, wengi wanaikosa hiyo.