Mbaruti bustanini Malindi: uutoe vipi, na kama ufaa kuachwa

Ndugu, umeuliza kama mbigili wa maua ya manjano uliotapakaa bustanini kwako Malindi uung'oe au uuache. Kwa ulivyoueleza, yaani majani ya kijivujivu yenye mishipa myeupe na utomvu wa manjano ukivunja shina, huo si mbigili, ni mbaruti. Mbigili hutambaa, mbaruti husimama hadi kupita magoti. Asili yake ni Mexico, na mchanga wetu mkavu unaupenda.

Kwanza, weka panga chini. Ukiufyeka juu ya ardhi huchipua upya shingoni, na machipukizi hayo hutoa maua yangali mafupi, panga lisipofika. Mzizi wake ni mmoja, umeshuka wima. Ukate kwa jembe sm 5 chini ya uso wa udongo, hapo haurudi. Siku nzuri ni ile ya pili baada ya mvua, miche ikiwa na majani matano au sita: mchanga umelegea, miiba bado laini, na mkono unatosha. Mkubwa ushike chini kabisa ya majani, kwa glavu nene.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye mbegu. Tazama kifuko kimoja: urefu wa sm 3 hivi, kimejaa miiba pande zote. Kikikauka hupasuka juu tu, kikabaki kama kikombe, na kila upepo ukitikisa shina punje chache humwagika. Ndani huwa na mbegu 300 hadi 400, nyeusi, za duara, mfano wa punje za baruti. Nyingine hulala mchangani miaka kadhaa, ndiyo maana kulima kwa kina ni kujitafutia taabu: unazizika leo, msimu mwingine jembe linazipandisha. Parua juu juu, kisha tandaza makuti chakavu au majani makavu ya mwembe, unene wa sm 10. Mmea wenye vifuko usiutie kwenye mboji. Uchome.

Kuuacha? Nyuki huufuata kwa chavua, na ua lake ni zuri kweli. Mmoja kwenye debe, mbali na njia ya watoto, sina ubaya nao, mradi vifuko uvikate vingali kijani, kila wiki bila kukosa. Utomvu usikuingie machoni, hata ukiambiwa ni dawa.

Ila kama una kuku au umepanda simsim, usiuache hata mmoja. Mbegu zake ni sumu. Mwaka 1998 huko Delhi, India, mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mafuta ya mbegu hizi yalivimbisha watu miili, na zaidi ya 60 wakafa. Kwa hiyo pita mistari ya simsim uitoe mibaruti yote kabla ya kukata na kufunga vitita. Zikishachanganyika kwenye turubai la kupuria, ungo hautazitoa zote.