Barua kwa mwanangu kuhusu albamu yake

Mwanangu,

Huku Uyole hatujambo. Baridi ya Julai imeshika kweli, na bibi yako anakusalimu kutoka Tukuyu. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, albamu unayotaka kurekodi ina kuchana mistari, ina kuimba, ina matarumbeta ya kanisani na ngoma za Kinyakyusa, na katikati ya nyimbo umeweka maongezi. Prodyuza wako anasema hiyo siyo hip hop, bora utoe singo za kuchezeka klabu, hayo mengine yasubiri. La pili umelisema mwishoni kabisa, kama vile hukutaka nilione: kuna wimbo kuhusu baba yako, na unataka kujua kama nitaumia.

Nianze na la kwanza. Ile albamu ya mchanaji Little Simz uliyonitumia nimeisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Sisi tulikua na kanda, mama, na kanda hairukwi kirahisi. Unageuza upande wa pili ukiwa umeshaubeba wa kwanza kichwani. Nakuomba na wewe uisikilize hivyo kabla hujamjibu prodyuza, maana jibu lake limo kwenye mpangilio.

Ilitoka Septemba 2021, ikiwa na vipande 19, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Mercury ya Uingereza. Mwenyewe ni binti wa London, wazazi wake Wanigeria, na nyumbani wanamwita Simbi. Albamu inaitwa Sometimes I Might Be Introvert. Chukua herufi za mwanzo za maneno hayo uone zinasoma nini. Habari yote iko hapo: Simbi wa nyumbani, mkimya asiyependa kuonekana, na Little Simz wa jukwaani, wanaishi katika mwili mmoja na hawajapatana. Kila wimbo unarudi kwenye ugomvi huo. Ndiyo maana anaweza kufungua kwa matarumbeta na ngoma za gwaride na sauti za kwaya (nilivyosikia mara ya kwanza nilidhani ni alfajiri ya Pasaka, tunaamshwa kwenda makaburini), kisha akaingia kwenye soul ya taratibu na mwimbaji Cleo Sol, baadaye akapita kwenye vinanda vya disko ya miaka ya 80, na usimpoteze.

Sasa angalia anapoiweka Nigeria. Wimbo wa Point and Kill, alioimba na Obongjayar, mwimbaji wa Nigeria, ni wa 15, na Fear No Man unaufuata papo hapo, ngoma juu ya ngoma, kama vile haukuisha ule wa kwanza. Kwa nini amesubiri hadi huko? Kwa sababu kabla ya hapo alikuwa bado anajiuliza yeye ni nani. Angeziweka ngoma hizo wimbo wa tatu zingekuwa pambo tu. Amezileta pale anapokuwa tayari kusema haogopi mtu, na zinakuwa mgongo wake. Wewe kwenye orodha yako umeweka ngoma za Kinyakyusa wimbo wa pili. Zinafanya kazi gani pale? Kama ni kuwaambia watu wa Dar kwamba umetoka Mbeya, lafudhi yako imeshawaambia.

Kumbuka msiba wa babu yako. Wanaume walipiga ngoma na kucheza uwanjani, kwaya ikaimba, matarumbeta yakapigwa, usiku vijana wakaweka nyimbo za injili kwenye spika hadi kukakucha. Hakuna aliyeuliza huu ni msiba wa aina gani, kwa sababu kila mtu alijua anayezikwa ni nani. Albamu yako haina shida ya kuchanganya fleva. Shida niliyoiona ni kwamba nimesoma mistari ya nyimbo zote ulizonitumia na sijajua bado inamhusu nani. Kuna wimbo wa mapenzi, wa maisha magumu, wa kujisifu, wa kumshukuru Mungu. Kila mmoja ni mzuri ukiwa peke yake. Lakini huyo msichana anayependa kwenye wimbo wa nne, ndiye huyo anayejisifu kwenye wa sita? Ukiweza kunijibu hilo, mwambie prodyuza ngoma zinabaki na matarumbeta yanabaki.

Na akikuambia tena kwamba hip hop haiimbwi, mkumbushe Lauryn Hill wa Marekani na albamu yake ya mwaka 1998, The Miseducation of Lauryn Hill. Yule tulikuwa rika moja, na kanda yake niliinunua sokoni Mwanjelwa nikaisikiliza hadi utepe ukalegea. Inaanza darasani: mwalimu anaita majina, wenzake wanaitika, jina lake linaitwa na yeye hayupo. Kisha kati ya nyimbo unawasikia wanafunzi wakijadili mapenzi, na yeye, mtoro wa darasa hilo, anatusimulia alikojifunzia. Ndani yake kuna kuchana, kuna reggae, kuna soul, kuna wimbo wa kumlaki mwanawe wa kwanza, gitaa limepigwa na Carlos Santana. Mwaka 1999 ikachukua tuzo tano za Grammy, na ikawa albamu ya kwanza ya hip hop kupata ile ya albamu bora ya mwaka. Huku kwetu wachanaji Zay B na Sista P walikuwa bado hawajaanza kuvuma. Mimi nilikuwa msichana wa kwaya ya Moravian, na ile kanda ndiyo iliyonifanya niamini kwamba mwanamke anaweza kuimba na kunena kwa pumzi moja.

Maongezi yabaki, ila yafupishe. Hapa mimi na Little Simz hatukubaliani kabisa. Ile sauti ya Emma Corrin, mwigizaji wa Uingereza, inayomhoji kama malaika mlezi huku vinanda vya sinema vinapigwa, inanigusa sana inapomuuliza maswali magumu. Lakini ina vipande vinavyorefuka mpaka safari inasimama. Bibi yako ukimrekodi, mwache aseme Kinyakyusa chake sentensi mbili tatu, usimfafanue, kisha biti iingie. Anayeelewa ataelewa, na asiyeelewa atasikia kwamba ni bibi anaongea na mjukuu.

La baba yako.

Mwanangu, usiniombe ruhusa ya kusema maisha yako. Alipokwenda kutafuta maisha na asirudi, ulikuwa darasa la tatu. Mimi nilipoteza mume, wewe ukapoteza baba, na hizo ni hasara mbili. Ya kwangu nimeilia na Mungu amenisaidia kuimaliza. Ya kwako sijui ukubwa wake, maana hujawahi kuisema mbele yangu hadi ulipoiandika kwa vina. Nitaumia, ndiyo. Uimbe hivyo hivyo.

Lakini naomba uusikilize tena I Love You, I Hate You, wimbo wa Little Simz kuhusu baba yake. Kwenye albamu ni wa nne tu, anausema mapema, hauachi uwe kilele. Anasema hakuwahi kudhani kwamba mzazi wake ndiye angekuwa wa kwanza kumvunja moyo. Mtu akisema hivyo unamwamini, kwa sababu hapigi kelele. Na humo humo anasema anasamehe kwa ajili ya nafsi yake, wala si kwa ajili ya huyo baba. Halafu sikiliza kinachofuata, Little Q. Anachana kwa sauti ya binamu yake aliyechomwa kisu, na binamu huyo anasema kijana aliyemchoma naye ni mtu aliyeumizwa vile vile. Ona alivyozipanga nyimbo hizo mbili. Ametoka kumlaumu baba, na papo hapo anatufundisha kumtazama mkosaji kama binadamu, bila kurudi kumtaja baba.

Ubeti wako wote ni mashtaka. Ni ya kweli, sifuti hata moja. Lakini baba uliyemwandika hana uso. Wewe unamkumbuka zaidi ya hapo, najua. Ni yeye aliyekuwa akikubeba mabegani kufuata matarumbeta ya harusi barabarani, hadi tunawapoteza, narudi nyumbani peke yangu nikiwaza mmeishia wapi. Ulikuwa ukirudi unapuliza kwa mdomo hadi unalala. Huo muziki wako unaniuliza umetoka wapi? Mwingine umetoka kwangu na kwenye kwaya. Matarumbeta ni ya kwake.

Kwa hiyo ningekuwa wewe nisingefungua albamu kwa matarumbeta. Little Simz ameshafungua hivyo na watu watakuambia umeiga. Ningeyaficha nyimbo zote za mwanzo, halafu yaingie kwenye wimbo wa baba, baada ya ubeti wa pili, mahali ambapo sasa hivi umeweka kiitikio cha kuimba. Usiseme kitu hapo. Acha yapigwe.

Nimeshaongea na kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya usharika. Wanafanya mazoezi Jumamosi jioni, na ukumbi unapatikana ukija katikati ya wiki, hakuna kelele za soko. Njoo na mtu wa kurekodi, usiwapeleke Dar, sauti yao ni ya ukumbi ule. Ila kabla hawajapuliza chochote, mkae muandikishane: kila mmoja jina lake, analipwa kiasi gani, na kama kuna sauti aliyoitunga yeye, iandikwe kuwa ni yake. Hata Lauryn Hill, baada ya albamu ile kupendwa dunia nzima, alishitakiwa na wanamuziki waliofanya naye kazi wakidai hawakutajwa ipasavyo, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2001. Wazee hawa hawatakushitaki kamwe. Ndiyo maana inabidi wewe uanze. Ukimaliza hapo uende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukasajili kazi, na majina yao yawemo.

Nauli nitakutumia nusu. Nusu nyingine tafuta mwenyewe.

Mama yako