Gari ya mazutu (dizeli) inayogoma asubuhi: pima buji kabla ya kununua pampu

Ndugu, umesema Hilux yako ya zamani inasumbua kuwaka asubuhi, inatoa moshi mweupe, ikishapata moto haina shida, na fundi anataka ununue pampu mpya. Pesa ibaki mfukoni kwanza. Bukavu iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, asubuhi kuna baridi, na moshi mweupe unaonuka mazutu ni mafuta yaliyopita bila kuungua. Anza na buji za kupasha moto, zile zinazopasha joto ndani ya injini kabla haijawaka.

Taa ya buji kwenye dashibodi isikudanganye. Nyingi zinafuata muda wake tu, zinazimika hata kama buji zote zimekufa. Zima kontakti (swichi ya kuwashia gari), toa kile kibapa cha chuma kinachounganisha buji (usipokitoa utakuwa unazipima zote kwa pamoja, kazi bure). Chukua balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili: mmoja kwenye chanya ya batri, mwingine gusisha kichwa cha buji, moja baada ya nyingine. Balbu isipowaka, buji hiyo imekwisha. Usiipeleke batri kwenye buji moja kwa moja, maana baadhi ya Toyota zina buji za chini ya volti 12, zinaungua hapo hapo.

Zote zikiwasha balbu, basi huenda umeme hauzifikii. Angalia fuzi, halafu rele (swichi inayopeleka umeme kwenye buji): washa kontakti usikilize kama inalia “tak”.

Wakati wa kuzitoa buji, injini iwe na uvuguvugu na usilazimishe ufunguo (spana). Buji ikikatikia ndani, kichwa cha injini huenda kikalazimika kufunguliwa na kushushwa.