Sista Anajibu: Chama cha manesi wa watoto wachanga, nijiunge au hela yangu itaenda bure?

Shikamoo sista. Mimi ni nesi, naishi Mbagala, nina diploma na huu ni mwaka wa tatu niko wodi ya watoto wachanga, hospitali naomba nisiitaje. Kuna dada aliniunga kwenye grupu la WhatsApp akasema ni chama cha manesi wa njiti, tukaambiwa tutume elfu ishirini kwenye namba yake tutapata kitambulisho na semina, nikatuma, leo mwezi wa nne hamna kitambulisho wala semina na yeye mwenyewe katoka kwenye grupu. Sasa nasikia kuna chama cha kimataifa kabisa cha manesi wa watoto wachanga, natamani kujiunga ila naogopa, alafu wenzangu wananiambia si unakatwa TUGHE kila mwezi, unataka chama gani kingine? Na juzi matroni kasema mwezi ujao niko kwenye rotesheni, naenda wodi ya mifupa. Kwakweli sista nimelia.
Nesi wa Mbagala

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Elfu ishirini kwa mshahara wa nesi sio hela ndogo. Meseji ya muamala usiifute, nenda nayo polisi pamoja na hao wengine mliotuma, mkienda watano mnasikilizwa kuliko ukienda peke yako.

Niwajibu kwanza hao wenzako kwasababu wanachanganya vitu vitatu na sio wao tu, hata manesi wa miaka mingi wanachanganya. TUGHE ni chama cha wafanyakazi, kazi yake ni mshahara wako, likizo yako, kupandishwa daraja, ukionewa na mwajiri unaenda pale. Baraza la Uuguzi na Ukunga lenyewe sio chama, lipo kwa sheria ya 2010, ndilo linakusajili na kukupa leseni, bila hilo huruhusiwi kumgusa mgonjwa, na hapo hamna hiari. Chama cha kitaaluma ndio kitu cha tatu, hicho ni watu wa kazi moja wamekaa pamoja kuiangalia kazi yenyewe, tunaifanyaje, tumejifunza nini, mbona watoto wa aina hii bado tunawapoteza. Kukatwa TUGHE hakukupi hicho na hicho hakikupi TUGHE, unaweza kuwa na vyote.

Sasa kuhusu hicho cha kimataifa. Kipo kweli, kinaitwa COINN, yani baraza la kimataifa la manesi wa watoto wachanga, kilianzishwa rasmi 2005, kinaunganisha vyama vya nchi mbalimbali na nesi mmoja mmoja pia anajiunga. Wamarekani walikuwa na chama chao cha kitaifa toka 1984, ila nesi wa Marekani anawaza mashine ambazo wewe huna, ndio maana mimi napenda hiki cha kimataifa maana humo unakutana na nesi wa Rwanda au Zambia anayejua maana ya oksijeni moja kugawana watoto wawili. Mkutano wao wa 2010 ulifanyika Durban, hapa hapa Afrika. Unajiunga kwenye tovuti yao wenyewe, jaza fomu pale, kama kuna ada unalipa pale, sio kwa mtu wa kati anayekuambia nitumie mimi nikulipie.

Lakini mdogo wangu usianzie huko. Anzia TANNA, chama cha wauguzi wa Tanzania, ulizia tawi la hospitali yako, na kama wewe ni mkunga pia kuna TAMA, chama cha wakunga. Najua utasema sista hivyo ni vya manesi wote, mimi nataka cha njiti. Sawa, ila mkiwa wanachama kumi kutoka wodi za watoto wachanga za Temeke, Amana, Mwananyamala na Muhimbili mkaenda kwenye mkutano mkasema tunaomba nusu siku ya kuongelea watoto wetu, hapo ndipo vyama vya namna hii vinapoanzia. Na popote mtu akikuambia chama, omba uone katiba, cheti cha usajili kutoka kwa Msajili wa Jumuiya, viongozi waliochaguliwa na mkutano, na akaunti ya benki yenye jina la chama. Ukitajiwa namba ya simu ya mtu binafsi, hapo hapo weka simu chini.

Nije kwenye rotesheni, maana naona ndiko roho inakouma, na mimi imeniuma miaka mingi.

Nikueleze kitu. Kuna usiku niko zamu, tuna njiti wa gramu 1,100, analishwa kwa mpira, mililita tatu tatu. Nilikuwa na nesi mgeni, mchapakazi kweli, katoka wodi ya upasuaji siku mbili nyuma. Niligeuka kuchanganya dawa, nikamsikia anasema sista huyu kalala vizuri ametulia. Neno ametulia lilinishtua. Njiti wa gramu hizo hatulii hivyo, anasahau kupumua. Nikamfikia, pembeni ya mdomo kashaanza kuwa wa bluu, nikamsugua unyayo kwa kidole, mara moja, mara mbili, akavuta pumzi, rangi ikarudi. Yule nesi alilia mpaka asubuhi na hakuwa na kosa lolote, hakuna aliyemfundisha kuwa kwa hawa watoto utulivu ni dalili ya hatari. Miezi sita baadae alikuwa na jicho kuliko langu. Mwezi wa saba wakamhamisha akaja mwingine mgeni, tukaanza upya.

Hiyo ndio sababu yangu ya kukuambia jiunge. Nesi mmoja akienda kwa matroni akasema sitaki kuhama anaonekana kachagua kazi, anaonekana mvivu anaogopa mifupa. Chama kikienda kikasema nesi wa watoto wachanga aliyefundishwa asizungushwe, hayo ni maongezi mengine, na hata Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2020 kuhusu watumishi wa huduma za watoto wachanga kwa nchi kama zetu na suala la kuhamishwa hamishwa limo. Matroni naye sio adui, ana wodi nane na stafu wa wodi tano, anaziba pengo. Mwandikie barua ya heshima, ambatisha vyeti vya mafunzo yako yote ya njiti, taja miaka mitatu yako, omba ubaki au basi urudishwe baada ya muda unaojulikana, na sista inchaji wako aisaini. Fanya wiki hii usisubiri mwezi uishe.

Na usifikirie hapa Dar hatuna cha kuchangia. Utafiti wa kumweka njiti kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri atengemae kwanza, ulifanyika hospitali tano za nchi tano na moja ni Muhimbili. Matokeo yalitoka 2021, kwa watoto wa kati ya kilo moja na kilo 1.8 vifo vilipungua kwa robo, na mwaka uliofuata mwongozo wa dunia nzima ukabadilika. Mtoto hakai kifuani kwa mama peke yake saa zote hizo, kuna nesi anamfunga kitenge, anapima joto lisishuke chini ya 36.5, anamwamsha mama saa nane usiku akamue maziwa. Manesi wa mji huu huu. Wewe ni wa kundi hilo.

Sista habari. Mwanangu alizaliwa na miezi saba, sasa ana miaka miwili anakimbia hatari. Nataka niwe mwanachama wa hicho chama cha manesi niwashukuru, inawezekana?
Mama Farida, Kigamboni

Mama Farida, umenifurahisha sana. Uanachama ni wa wauguzi, ila wanakuhitaji zaidi ukiwa mama. Tarehe 17 Novemba ni siku ya njiti duniani, ongea mapema na sista inchaji wa wodi uliyolazwa, uende ukakae na wale mama walioko kangaruu sasa hivi, yani wanaowaweka njiti wao kifuani, wengine wana wiki tatu hawajamwona mtu aliyepita walipo. Beba kofia za kufuma, ndogo kabisa, pima kwa chungwa, na uzifue kabla. Mtoto usiingie naye wodini, vijidudu vya mtoto mkubwa ni hatari kwa wale, mwache nje na mtu na uwaonyeshe kwenye simu anavyokimbia.