Mwombe Akufundishe: Nilivyoanza Kurekodi Watu wa Kazi Kandokando ya Ziwa

Kwa miaka minne nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Samaki wanashushwa, wanapimwa, naandika kilo, nasaini, linaingia lori jingine. Mshahara ulifika kwa wakati na ulinisaidia kumsomesha mdogo wangu. Ila jioni moja mama aliniuliza, "Leo umefanya nini, mwanangu?" nikakosa jibu. Nilikuwa nimeandika tani za samaki kutwa nzima na sikumkumbuka hata mmoja.

Swali hilo halikunitoka. Nikaanza kurekodi sauti za watu wakizungumzia kazi zao na kuzitoa mtandaoni zisikilizwe, peke yangu, kwa simu yangu, kila siku ya mapumziko. Sasa ni mwaka wa tatu, na vijana wanaotaka kuanza kitu kama hiki huniuliza waanzie wapi.

Mimi nilianza vibaya. Nilikwenda Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, nikawauliza watu, "Kazi yako ina maana gani kwako?" Wakanijibu: natafuta riziki, watoto wale, ndiyo maisha. Nilirudi na mazungumzo kumi na mawili ambayo, ukiyasikiliza, huwezi kumtenganisha mbeba mizigo na mchuuzi wa dagaa. Nikadhani watu hawana la kusema. Niliwakosea. Mtu aliyeamka saa tisa usiku kupokea mzigo hawezi kumfungulia moyo mgeni aliyemsogezea simu mdomoni na kumuuliza jambo ambalo hata ndugu zake hawajawahi kumuuliza.

Mambo yalibadilika Igombe, mwalo mwingine hapa Mwanza. Mama mmoja alikuwa akigeuza dagaa kwenye chanja. Sikuwa na swali jipya, nikasema tu, "Shikamoo mama. Naomba unifundishe. Unajuaje kwamba hawa wamekauka?" Akaokota mmoja, akamvunja karibu na sikio langu. Kimya. "Huyu bado." Akaenda chanja la pili, akavunja mwingine, nikasikia mlio mdogo, mkavu. "Umesikia?" Tulikaa karibu saa nzima. Alinieleza kwa nini aliacha kuanika chini: dagaa wa mchangani hubeba mchanga hadi kwenye sahani ya mtu, na mnunuzi anayejua hushusha bei. Akanisimulia siku mvua ilipomkuta mzigo ukiwa umetandazwa, dagaa wote wakaishia kuuzwa kama chakula cha kuku. Kisha, bila mimi kuuliza, akasema, "Mimi dagaa wangu mtoto anakula hatemi."

Nililotafuta Mwaloni kwa wiki tatu nililipata hapo. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: usimuulize mtu thamani ya kazi yake, mwombe akufundishe hiyo kazi. Muulize alijifunza kwa nani. Muulize mtu mpya akianza kesho atakosea wapi, na yeye hujuaje kwamba leo kazi imetoka sawasawa. Akieleza hayo, lile analolithamini litajitokeza lenyewe, kwa maneno yake.

Jifunze pia kunyamaza. Mzee mmoja fundi mitumbwi alikuwa akishindilia pamba kwenye viungo vya mbao, nikamuuliza kwa nini hurudia kiungo kimoja mara tatu. Akaweka nyundo chini. MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, yeye alikuwa kijana na alimpoteza mtu wa nyumbani kwao. Ile ilikuwa meli, hizi ni mitumbwi, lakini tangu mwaka ule hakabidhi chombo kabla hakijalala majini usiku mmoja naye akakikagua asubuhi. Kabla ya kusema hayo alikaa kimya muda mrefu sana, nami nilitamani kujaza kimya kile kwa swali. Nashukuru sikujaza.

Rekodi ile niliiweka kando miezi miwili bila kuitoa. Nilirudi kwake, nikamsikilizisha yote, nikamuuliza kama nitoe. Akaomba jina la marehemu liondolewe, nikaliondoa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sauti ya mtu pamoja na habari za nyumbani kwake ni vitu vyake, si vyako. Hata kama sheria hiyo isingekuwepo, ningekuomba ufanye hivyo hivyo. Ukitaka kuweka kazi yako mtandaoni, waulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) mapema kama inahitaji leseni, kwa kuwa maudhui ya mtandaoni yana kanuni zake.

Vifaa visikucheleweshe. Adui mkubwa hapa kwetu ni upepo wa ziwa. Rekodi asubuhi, ivalishe simu soksi safi, na tumia miamba tuliyojaliwa: kaeni upande usiopigwa na upepo, utashangaa tofauti. Ukimaliza kuhariri, punguza faili liwe la njia moja ya sauti (mono), kilobiti 64 kwa sekunde, ili dakika kumi ziwe kama megabaiti tano. Msikilizaji wa Nansio, kisiwani Ukerewe, mwenye bando dogo ataweza kuifungua.

Kuhusu ratiba, nilihangaika kutoa kila Ijumaa nikashindwa. Kisha wavuvi wa dagaa wakanionyesha njia bila kujua. Wao huvua kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, hivyo siku hizo hukaa nchi kavu kushona nyavu. Nikaanza kutoa toleo moja kila mbalamwezi. Mara moja kwa mwezi naweza, na wao wana nafasi ya kusikiliza. Tafuta mwendo ambao watu wako tayari wanauishi.

Kazi ya kiwandani sikuiacha haraka. Nilikaa miezi kumi na minne zaidi, maana sikutaka mradi huu unidai kodi ya nyumba. Nilipoondoka nilimwachia kiti dada mmoja mtaratibu. Mwezi uliopita nilimrekodi. Nikamwomba anifundishe kazi niliyoifanya mwenyewe miaka yote ile, nikamuuliza anajuaje kwamba mizani inasema kweli. Akainama, akatoa chini ya meza jiwe la kilo ishirini. Kila alfajiri hulipima kwanza, kabla samaki wa kwanza hajashushwa, kwa sababu, alisema, kuna mvuvi alikesha ziwani na kilo yake moja ni ya kwake. Jiwe lile lilikuwa pale tangu nilipoajiriwa, na sikuwahi kuuliza ni la nini.