Mpigie simu mtu wa juu ya mto

Novemba 2023 nilipoteza mahindi ya ekari moja na nusu, kunde zote, na pampu ambayo haikuwa hata yangu. Usiku ule mto ulipofurika, kwetu hakukunyesha tone.

Wageni hudhani mafuriko ya Malindi hutoka juu ya vichwa vyetu. Mto wetu kule juu unaitwa Athi, ukipita Tsavo ni Galana, ukifika huku kwetu Magarini ndio Sabaki. Mvua ya Nairobi na Machakos hutufikia siku kadhaa baadaye, ikiwa tope jekundu, wakati waliopigwa nayo wameshaanika nguo. Na simu nilikuwa nayo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: ilikuwa mfukoni, ina chaji, ina bando, na mimi natazama vichekesho.

Kwa hiyo mkulima wa bondeni akiniuliza aanzie wapi, namwambia atafute namba ya mtu aliye juu yake mtoni. Mimi ninaye shemeji yangu anayechunga karibu na Baricho. Msimu wa mvua nampigia kila jioni, dakika moja tu. Simuulizi kama mto umejaa, maana kujaa kwa mchungaji si kujaa kwa mkulima. Namuuliza, "Shemeji, maji yamefika wapi kwenye ule mkwaju?" Yakifunika mizizi, nahamisha pampu. Yakigusa tawi la kwanza, tunavuna hata mahindi mabichi, tunayachemsha na kuyauza barabarani. Afadhali hivyo kuliko kuyaachia mto na viboko.

Na msimfanye mtu mlinzi wa bure. Kila wiki namsambazia kredo ya shilingi 50. Mwezi niliosahau, naye alisahau kupokea simu.

Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa nausoma pia, lakini kila utabiri una kazi yake. Ule wa msimu, unaotolewa kabla ya masika na kabla ya vuli, hauna siku ndani yake. "Chini ya wastani" ni uwezekano, si ahadi. Huo nautumia kuchagua mbegu: ukielekea ukame, napunguza mahindi na kuongeza pojo na kunde. Lini nipalilie, lini nitie mbolea, hayo nayaangalia kwenye utabiri wa siku saba.

Picha nazo zina adabu yake. Nilipoona majani ya mahindi yametobolewa, nilipiga shamba zima nikamtumia bwana shamba. Akajibu, "Dada, hapa naona kijani tu." Alikuwa na haki. Kiwavijeshi hujulikana kwa alama ya Y iliyopinduliwa kwenye paji la uso, na madoa manne meusi yaliyokaa mraba karibu na mkia. Piga hapo, kwa karibu, asubuhi kabla jua halijawa kali, maana joto likipanda huzama ndani ya moyo wa mmea. Weka njiti ya kiberiti kando yake ili ukubwa uonekane. Akiwa mdogo dawa humpata. Akishanenepa humo ndani, unamwagia majani dawa yeye anakula.

Kikundi chetu cha WhatsApp kilikaribia kufa kwa sababu ya maandishi. Bibi yangu hasomi, na hata wanaosoma walichoshwa na Kiswahili cha ofisini. Sasa ujumbe wowote wa maana ni wa sauti, kwa Kigiriama, usizidi dakika moja. Wenye kabambe, zile simu ndogo zisizo na WhatsApp, wanapigiwa. Tumegawana majina, watano watano. Sheria ni moja: hakuna kusambaza habari isiyo na jina la aliyeiona kwa macho. Kuna mtu alileta video ya mafuriko, kumbe ya nchi nyingine kabisa, na majirani wawili wakang'oa mihogo ambayo haijakomaa. Tuliila hivyo hivyo, nyembamba kama vidole.

Bei? Wapigieni watu watatu wa soko la Malindi kabla dalali hajafika na mizani yake. Hilo mnalijua, ila hamfanyi.

Jana jioni shemeji alisema maji hayajagusa mizizi, na punda wake wanavuka. Leo nimepanda bamia.