Tukifungwa, Nyumbani Hakukaliki

SWALI: Shikamoo Mjomba. Ninaishi Likoni na nimeishabikia timu ya soka ya Bandari tangu utotoni. Tukifungwa dakika za mwisho pale Mbaraki, huvuka feri kimya, chakula hakinipiti, na mke wangu hulalamika kwamba hasira zangu humwishia yeye. Je, niache kwenda uwanjani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiache. Uchungu huo naujua vizuri, kwa kuwa mwaka 2018, na tena msimu wa 2018/2019, tulimaliza Ligi Kuu ya Kenya katika nafasi ya pili nyuma ya Gor Mahia, nami siku zile nilikuwa nikikwepa baraza la kahawa nisije nikaulizwa habari za mpira. Lakini mwaka huohuo wa 2019 tuliifunga Kariobangi Sharks 3-1 katika fainali ya kombe la Ngao, na jirani yangu, mzee aliyeiona timu ya Feisal ikiileta Mombasa ubingwa wa ligi mwaka 1965, alikaa kizingitini akijifuta machozi kwa ncha ya kikoi chake. Furaha ya namna ile haimfikii aliyekata tamaa njiani.

Mkeo, hata hivyo, hana kosa lolote, na hilo ndilo linalonihuzunisha zaidi katika barua yako. Ukishuka feri usikimbilie nyumbani. Tembea kwanza mpaka moyo utulie, kisha umweleze waziwazi kwamba mmefungwa na unahitaji nusu saa ya ukimya. Mechi ijayo, mwombe mfuatane.